Kwa nini orodha ya nyimbo hufika kwenye simu bila nyimbo?

Umekaa kwenye kompyuta jioni nzima ukipanga nyimbo mia moja hivi, za kuchangamka zitangulie, za taratibu zifuate. Ukaihifadhi orodha, ukalichukua faili lake na kulinakili kwenye simu. Unalifungua: majina pengine yapo, ila ukibonyeza hakuna kinacholia. Wakati mwingine hata majina hayapo, ni ukurasa mtupu. Wengi huilaumu simu, nayo haina kosa lolote.

Ndani ya orodha ya nyimbo hamna wimbo hata mmoja. Kilichomo ni anwani tu za mahali nyimbo zilipo. Orodha ya wageni unaweza kuikunja ukaitia mfukoni, lakini wageni wenyewe bado wako majumbani kwao.

Ukitaka kuona kwa macho yako, tafuta kwenye kompyuta orodha ambayo jina lake linaishia na .m3u, uifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, kama Notepad. Utakuta kitu cha namna hii:

#EXTM3U
#EXTINF:247,Jina la msanii - Jina la wimbo
C:\Users\Mimi\Music\Albamu\03 wimbo.mp3

Mstari wa kwanza unatambulisha aina ya faili. Wa pili unataja urefu wa wimbo kwa sekunde (247 ni dakika 4 na sekunde 7), kisha jina la kuonyesha kwenye skrini. Wa tatu ndio wenye kazi: unaieleza programu iingie diski gani, folda gani, ichukue faili gani. Basi. Nyimbo mia zinaandikwa hivyo hivyo hadi mwisho, na faili zima halizidi kilobaiti kumi na kitu. Wimbo mmoja tu wa MP3 wa urefu huo, uliorekodiwa kwa kilobiti 256 kwa sekunde, unakaribia megabaiti 8. Kwa hiyo ukiona umehamisha "nyimbo mia" kwa kufumba na kufumbua, jua kuna kitu hakikwenda.

Muundo huu ni wa miaka ya 1990, enzi za programu ya kuchezea muziki ya WinPlay3, na ulipata umaarufu kupitia nyingine, Winamp, iliyotoka mwaka 1997. Wakati huo nyimbo zilikaa kwenye kompyuta moja na zilisikilizwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa hiyo anwani ndefu inayoanza na C: haikumsumbua mtu. Simu ya Android haina C:. Nyimbo zake hukaa mahali kama /storage/emulated/0/Music, na mshazari wake (/) unalalia upande mwingine, si kama ule wa Windows (\). Programu ya simu ikiisoma ile anwani ya Windows haioni pa kwenda.

Dawa yake ni rahisi na ni ya siku nyingi: anwani fupi. Badala ya kuanzia kwenye mzizi wa diski, anwani inahesabiwa kutoka pale faili la orodha lilipo, mfano Albamu/03 wimbo.mp3. Ukiiweka orodha ndani ya folda kuu la muziki, kisha ukanakili folda zima, kila kitu kinahama pamoja na anwani zinabaki sahihi. Programu nyingi za muziki zinayo chaguo hilo wakati wa kuhifadhi orodha, ila mara nyingi limefichwa ndani ya mipangilio. Kwa maoni yangu lingepaswa kuwa la kwanza, na anwani ndefu ndiyo ifichwe.

Hata hivyo kuna majina yanayokorofisha. Memori kadi nyingi hutumia mfumo wa kupanga mafaili wa FAT32 au exFAT, ambao haukubali alama kama ? : * au " ndani ya jina la faili. Kwenye kompyuta ya mfumo wa Linux unaweza kuwa na wimbo ambao jina lake linaishia na alama ya kuuliza. Ukiuhamishia kwenye kadi, programu ya kunakili huenda ikaibadilisha alama hiyo kuwa _ bila kukuuliza. Orodha haina habari, inaendelea kutafuta jina la zamani. Herufi zenye alama juu nazo zina balaa lake. Ile é ya Beyoncé inaweza kuandikwa ndani ya kompyuta kama herufi moja, au kama e ya kawaida inayofuatwa na alama yake. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni majina mawili. Na ili angalau herufi hizo zisisomeke ovyo, ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya .m3u na .m3u8, chukua ya pili: maandishi yake ni ya UTF-8 (njia moja ya kuandika herufi za lugha zote) kila mahali, wakati ya kwanza ilitegemea kompyuta iliyoiandika.

Apple waliliruka tatizo hili lote kwa kuchukua njia nyingine. iPod, kifaa chao cha mfukoni cha kusikilizia muziki, ilipotangazwa Oktoba 2001, ikiwa na nafasi ya gigabaiti 5, haikutegemea mtu anakili mafaili kwa mkono. iTunes, programu ya muziki ya Apple kwenye kompyuta, ndiyo iliyofanya kazi hiyo: iliingiza nyimbo kwenye folda zilizofichwa, kisha ikaandika ndani ya kifaa hifadhidata inayoeleza wimbo gani ni upi na uko kwenye orodha zipi. Orodha haikutafuta nyimbo kwa majina ya mafaili, ilizifuata kwa namba. Ilifanya kazi vizuri sana, na gharama yake ilikuwa moja: kompyuta ndiyo bosi. iPhone ikishaunganishwa na maktaba ya kompyuta moja kwa njia ya kusawazisha muziki (yaani kufanya yaliyomo pande zote yafanane), ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine unaonywa kwamba nyimbo zilizomo zitafutwa na kuwekwa za huku. Onyo hilo limewaudhi wengi.

Lakini tusiwaonee, kwa sababu kusawazisha pande mbili kuna fumbo gumu kuliko linavyoonekana. Chukua wimbo mmoja. Kwenye orodha ya kompyuta upo, kwenye orodha ile ile ya simu haupo. Je, umeuongeza kwenye kompyuta jana na haujafika kwenye simu? Au ulikuwa kote kote, na leo asubuhi umeufuta kwenye simu kwa sababu umekuchosha? Hali hizi mbili zinafanana kabisa, ila jibu lake ni kinyume: moja inataka wimbo uongezwe kwenye simu, nyingine inataka ufutwe kwenye kompyuta. Kutazama orodha mbili hakuwezi kukupa jibu hata ukizitazama mwaka mzima.

Kinachohitajika ni kumbukumbu ya tatu: orodha ilikuwaje mara ya mwisho pande zote zilipokubaliana. Wimbo ukiwemo kwenye kumbukumbu hiyo na sasa umepotea kwenye simu, basi umefutwa. Usipokuwemo, basi ni mgeni. Programu nzuri huweka hata alama ya wimbo uliofutwa, ili kifaa kilichozimwa wiki mbili kisije kuwashwa na kuurudisha kwa nguvu. Programu isiyoweka kumbukumbu hiyo ndiyo inayofufua nyimbo ulizozifuta, au inayokuletea kila wimbo mara mbili.

Mpangilio ndio unaovuruga zaidi. Kwenye kompyuta umeusogeza wimbo wa tano hadi wa kwanza, kwenye simu, bila mtandao, umeusogeza huo huo hadi mwisho. Hapo hata kumbukumbu haisaidii, kwa kuwa pande zote zimebadilika. Baadhi ya programu humpa ushindi aliyehariri mwisho. Syncthing, ambayo husawazisha mafaili kutoka kifaa hadi kifaa bila kuyahifadhi kwenye seva ya katikati, huacha nakala zote mbili, moja ikiandikwa sync-conflict kwenye jina lake, uamue mwenyewe. Mimi naipenda hii ya pili. Inakera, lakini haikupotezei kitu kimyakimya.

Na huyo "aliyehariri mwisho" anajulikanaje? Kwa saa ya kifaa, na saa si za kuaminika. Mfumo wa FAT32, ule wa memori kadi nyingi, huandika muda wa kubadilishwa kwa faili kwa hatua za sekunde mbili. Faili lililohifadhiwa kwenye kompyuta saa 4:15 na sekunde 7, kwenye kadi litasomeka sekunde 6 au 8. Isitoshe, hauandiki ni saa za ukanda upi wa dunia. Programu inayolinganisha muda kwa ukali huona kila faili limebadilika, ikaanza kunakili upya gigabaiti nzima za nyimbo ambazo hazikuguswa. rsync, programu ya kunakili iliyoanza mwaka 1996, ina chaguo maalumu la kuvumilia tofauti hiyo ndogo.

Waya nao una yake. Zamani simu ya Android iliyochomekwa kwenye kompyuta ilionekana kama diski ya kawaida, na wakati huo simu yenyewe haikuweza kuisoma kadi yake, kwa sababu mifumo miwili haiwezi kuandika kwenye diski moja kwa pamoja bila kuiharibu. Kuanzia Android 3.0 ya mwaka 2011 njia ya kuhamishia mafaili iitwayo MTP ikashika nafasi: kompyuta huomba, simu ndiyo inayoandika. Ni salama zaidi, lakini ni nzito, na programu nyingi zilizozoea diski halisi haziwezi kuitumia.

Huduma za kusikiliza mtandaoni kama Spotify, iliyofunguliwa mwaka 2008, zimeliondoa suala la anwani kabisa. Orodha yako iko kwenye seva, na kila wimbo ni msimbo wa herufi na tarakimu 22 unaosomeka sawasawa kwenye simu na kwenye kompyuta. Hakuna cha C: wala cha mshazari. Ila bado orodha si nyimbo. Haki za wimbo zikiisha katika nchi yako, jina hubaki kwenye orodha likiwa limefifia, na halibonyezeki. Hata nyimbo ulizopakua zinakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazichezi.

Ugumu hurudi pale unapohama kutoka huduma moja kwenda nyingine, kwa sababu misimbo ya huku haijulikani kule. Kinachosaidia ni ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 ambayo hupewa kila rekodi, si kila wimbo: toleo la studio lina yake, la jukwaani lina yake. Programu ya kuhamisha isipoipata, hutafuta kwa jina la msanii na la wimbo, na hapo ndipo unapoletewa toleo la makofi na vigelegele badala ya lile ulilolizoea. Baada ya kuhama, pitisha jicho kwenye safu ya dakika. Majina yatafanana, urefu ndio utakaolifichua toleo lisilo lenyewe.