Ukuta wenyewe ndio ibada

Mimi ni mwashi, na kanisani nafundisha darasa la Biblia, kwa hiyo swali hili hunijia kutoka pande mbili. Vijana ninaowafundisha kazi huuliza: hivi kukoroga zege kunaweza kuwa ibada kweli, au ni maneno ya kututia moyo tu? Waumini nao huuliza kwa namna yao: mbona fundi fulani ni mlokole na kuta zake zina nyufa? Wote nawajibu vilevile. Sala ya kufungua saiti asubuhi ni njema, na nyimbo za sifa wakati watu wanabeba tofali sina neno nazo. Lakini ibada ya fundi naitafuta kwenye ukuta. Umenyooka, au umepinda?

Biblia inapomtaja kwa mara ya kwanza mtu ambaye Mungu amemjaza roho yake, haimtaji nabii wala kuhani. Inamtaja Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, katika Kutoka 31. Alijazwa roho ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge miti, kwa ajili ya hema la Mungu. Alipewa mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, na sura ya 35 inaongeza jambo ambalo mafundi wachoyo wa maarifa hulipita haraka: Mungu alitia moyoni mwao kufundisha pia. Fundi anayemficha msaidizi wake vipimo ili asije akamnyang'anya wateja, karama ameipokea nusu, na nusu nyingine ameikalia.

Jambo jingine kuhusu Bezaleli: katika Biblia nzima hakuna neno hata moja lililoandikwa kutoka kinywani mwake. Hahubiri, haombi kwa sauti, hatoi ushuhuda. Tunachosoma kuanzia sura ya 36 hadi ya 39 ni alichofanya, pamoja na vipimo: kila ubao dhiraa kumi urefu, dhiraa moja na nusu upana. Wasomaji wengi huziruka sura hizo. Mimi huzisoma kama ninavyosoma ramani ya nyumba, mstari kwa mstari, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba vipimo vile ndiyo sifa aliyomtolea Mungu.

Sasa tushuke saiti, maana ni rahisi kusema "fanya kwa utukufu wa Mungu" bila kugusa chochote.

Chukua msingi. Ndani ya zege kuna nondo, zimefungwa ringi kwa waya, na lazima ziachane na udongo. Mahali zege linapogusana na ardhi, unene unaofunika nondo huwa milimita 50 hadi 75. Ili kuupata, tunaweka chini ya nondo vipande vidogo vya zege, wengine huviita biskuti. Ni kazi ya kuinama, ya kuchosha, na haina sifa. Fundi mwenye haraka hulaza nondo moja kwa moja juu ya udongo, humwaga zege, basi. Siku ya kukabidhi funguo hakuna atakayejua. Ila unyevu utaifikia nondo, itashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege hupasuka kutoka ndani. Wakati huo fundi ameshalipwa, ameshahama, pengine ameshazikwa.

Hapo ndipo ninapowaambia vijana wangu: kile kipande kidogo cha zege ni sadaka. Mwenye nyumba hatakiona, mchungaji hatakiona, na jioni ileile kitafunikwa.

Au chukua maji. Mikono ikichoka kukoroga, kishawishi ni kuongeza ndoo moja. Zege linalainika, linajimiminia lenyewe, kila mtu anacheka. Lakini saruji huhitaji maji kidogo tu ili ishike. Yanayozidi hubaki, hukauka na kuacha vitundu, na nguvu ya zege hushuka. Duff Abrams, mtafiti wa zege, alilieleza jambo hilo kwa vipimo huko Marekani mwaka 1918, na tangu hapo hakuna mhandisi aliyeweza kulikwepa. Ndoo ile ni uongo mdogo anaoambiwa mtu atakayelala chini ya slabu hiyo.

Manabii waliijua saiti kuliko tunavyodhani. Ezekieli, katika sura ya 13, anawasema manabii wa uongo kwa mfano wa watu wanaopaka chokaa isiyofaa juu ya ukuta dhaifu. Mvua inakuja, mawe ya barafu yanakuja, ukuta unaanguka na msingi wake unabaki wazi. Kila mwashi anamjua mtu huyo wa lipu nzuri juu ya tofali mbovu. Katika Amosi 7, Bwana anaonekana amesimama karibu na ukuta, na mkononi ameshika timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka. Nami siufahamu mstari wowote unaonitisha kazini kuliko huo. Timazi haina upendeleo. Ukiining'iniza na kuiacha itulie, haijali wewe ni mzee wa kanisa.

Kisha kuna sheria ya Kumbukumbu la Torati 22:8, ambayo laiti ingebandikwa kwenye kila saiti: ukijenga nyumba mpya, uweke ukingo kwenye dari, yaani paa bapa la juu, ili mtu asianguke ukaleta damu juu ya nyumba yako. Zamani hizo dari lilikuwa sehemu ya kukaa, kulala na kuanikia vitu. Mungu anatoa agizo la ujenzi, tena kwa ajili ya mgeni ambaye fundi hatamjua kamwe. Leo tungesema ni reli ya ngazi, au waya wa umeme uliofunikwa vizuri ili mtoto asiushike. Upendo kwa jirani kwa sentimita.

Hadi hapa nimeongea na fundi. Lazima niongee na mwenye mradi pia, kwa sababu mafundisho haya yana upande ambao huharibiwa kwa urahisi sana. Wakolosai 3:23, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana", ni mstari unaopendwa na waajiri. Wanausoma kwa wafanyakazi asubuhi, kisha Ijumaa ujira haupo. Paulo alikuwa akisema na watumwa, watu wasio na uwezo wa kuchagua kazi wala bwana, na aliwapa heshima ambayo bwana zao hawakuwapa: kwamba kazi yao inapokelewa na Kristo. Mistari michache tu mbele, katika 4:1, anawageukia mabwana na kuwaagiza haki na usawa. Anayesoma mstari wa kwanza na kuacha wa pili anayachuna Maandiko kama mwizi wa nondo.

Makanisa nayo yasijitoe. Nimeona fundi akiambiwa apunguze bei kwa sababu "hii ni kazi ya Mungu", huku muuza saruji akilipwa bei kamili. Waumini wakijitolea kubeba mawe, wabarikiwe. Lakini anayekula kwa mwiko wake wa uashi alipwe kwa mwiko wake. Yeremia 22:13 inamtamkia ole mtu anayejenga nyumba kwa uovu na kumtumikisha mwenzake bila ujira, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele wenyewe.

Hekalu la Sulemani ni onyo. Lilikuwa zuri mno. Mawe yalichongwa machimboni, hata sauti ya nyundo haikusikika lilipokuwa likijengwa. Lakini Sulemani aliwashurutisha watu 30,000 wa Israeli, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Baada ya kifo chake watu walimwendea mwanawe Rehoboamu wakilia juu ya nira nzito, naye akakataa kuipunguza. Alipomtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, wakampiga mawe akafa, na ufalme ukagawanyika. Ukisoma sura za ujenzi peke yake utavutiwa na dhahabu. Endelea mpaka 1 Wafalme 12.

Linganisha na wakati wa mfalme Yoashi, hekalu hilohilo lilipokuwa likitengenezwa. Fedha ziliwafikia maseremala, waashi na wakata mawe, na 2 Wafalme 12:15 inasema waliokabidhiwa fedha za kuwalipa hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Sishauri kamati yoyote ifute risiti! Lakini nikifikiria sifa ambayo mtu wa mradi wa ujenzi angeitamani, sijaona inayoizidi hiyo.

Wamonaki, yaani watawa wa kiume, waliitafakari sana kazi ya mikono. Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliwaagiza ndugu zake wagawe siku kati ya sala, kusoma na kazi, na akataka mtunza ghala avihesabu vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe na kikombe cha ushirika, heshima moja. Tena alikuwa na jicho kali: fundi wa monasteri akianza kujivuna kwa ustadi wake, aondolewe kwenye kazi hiyo hadi anyenyekee. Nawajua mafundi ambao wangeondolewa leo hii.

Yuko mwingine ambaye sikubaliani naye sana. Mmonaki Yohana Kasiano anasimulia kuhusu huyo, Abba (yaani Baba) Paulo wa jangwani Misri, aliyeishi mbali mno na soko. Alifanya kazi yake ya makuti kila siku kama vile anaishi kwayo, pango lilipojaa akaichoma moto, na mwaka uliofuata akaanza upya. Ninaelewa alichotafuta: moyo usiotangatanga. Lakini mimi ni mwashi. Kazi isiyomfikia mtu yeyote inanipa shida kuiita ibada kamili, kwa sababu amri kuu ya pili, ya kumpenda jirani, inanidai jirani.

Na kupumzika? Katika Kutoka 31, mara tu baada ya kumtaja Bezaleli na Oholiabu, Mungu anaamuru Sabato. Maana yake, hata hema lake mwenyewe lisubiri. Fundi asiyeweza kuweka mwiko chini ameanza kuuabudu. Hapo lakini huja swali ambalo vijana hulipenda: zege lililomwagwa Jumamosi linahitaji maji Jumapili, maana siku 7 za kwanza likikauka limeharibika. Tumwagilie au tuache? Mimi huwasomea Luka 13:15, pale Yesu anapowauliza ni nani kati yao asiyemfungua ng'ombe wake siku ya Sabato akamnyweshe. Kisha nachukua mpira wa maji, nalimwagilia, nalifunika kwa magunia, naenda kanisani.