Mdudu wa Sabaki: Utajuaje Kwamba Hana Jina?

Wakati wa tanga mbili, upepo unapotulia Malindi, taa ya baraza iliyo karibu na Mto Sabaki huvuta kila namna ya mdudu. Kati ya kumbikumbi na mbu utawaona wadogo wa rangi ya kahawia, mabawa wameyalaza mgongoni kama paa la makuti, vipapasio virefu vimeelekea mbele. Wengi huwaita nondo, na kosa si kubwa, maana ni ndugu wa karibu. Mpanguse mmoja bawa kwa kidole. Nondo atakuachia unga wa magamba. Huyu kwa kawaida hana unga, ana vinyweleo, wala hana mrija uliojikunja chini ya kichwa. Ni wa oda (kundi kubwa la wadudu) ya Trikoptera. Hapa tutamwita kadisi, na tutaona utajuaje kama spishi uliyoikamata haijapewa jina na wataalamu.

Spishi zaidi ya 16,000 za kadisi zimekwisha kupewa majina duniani. Mabuu yao huishi majini, tena maji baridi yasiyo ya chumvi, na hutoa hariri mdomoni. Wengine hujijengea nyumba ya mchanga au vipande vya majani na kutembea nayo; wengine hutega wavu penye mkondo, wakala kinachonasa. Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na ukipita Tsavo huitwa Galana, hushuka na tope jekundu wakati wa masika, na tope hilo huziba nyavu. Kwa hiyo watafute kwenye mizizi, magogo na mawe yanayopigwa na mkondo, si kwenye mchanga mtupu. Lamu hakuna mto wa kudumu, na visima vyenye maji ya chumvichumvi si makao ya kadisi. Hata hivyo bahari haikukataliwa na wote: New Zealand na Australia wako wa familia ya Chathamiidae wanaokulia kwenye madimbwi ya miambani, na mmoja wao hutaga mayai ndani ya kiti cha pweza.

Kabla ya kutega, pata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, na idhini ya mamlaka ya wanyamapori. Kielelezo kilichochukuliwa bila kibali hakitapokelewa na jumba la makumbusho lolote linalojiheshimu.

Mtego wenyewe ni shuka nyeupe, taa ya urujuanimno ya betri ya volti 12, na chini yake sinia nyeupe yenye sentimita 2 za ethanoli. Washa jua linapotua. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye mavuno. Mbalamwezi huipunguza nguvu taa yako, na kusi ikivuma utakusanya majani tu. Usikae ukingoni kabisa, Sabaki una viboko na mamba.

Gawa mavuno mara mbili. Wa kuchunguzwa umbo wawekwe kwenye ethanoli ya asilimia 80. Wa DNA wawekwe kwenye ya 95 au zaidi, lakini ujue huko hukakamaa na kukatika miguu na vipapasio. Wadudu wasizidi theluthi moja ya chupa, na ethanoli ibadilishwe baada ya siku moja, kwa kuwa maji ya miili yao huidhoofisha. Spiriti ya dukani iliyotiwa dawa haifai kwa DNA.

Lebo huingia ndani ya chupa, haibandikwi nje. Andika kwa penseli. Kalamu ya wino wa kawaida hufutika kwenye ethanoli, na kadisi asiye na mahali ni takataka. Taja nchi, kaunti, mto, tarehe, aliyekusanya, namna ya kutega, na nyuzi za ramani (latitudo na longitudo) zenye tarakimu nne baada ya nukta, ambazo hukufikisha ndani ya mita 11 hivi.

Sasa kazi yenyewe. Rangi ya mabawa usiiamini. Spishi hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume, katika pingili ya 9 na ya 10 ya tumbo. Hesabu kwanza miiba ya miguuni: Cheumatopsyche, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya kadisi watega wavu, ana 2 mguu wa mbele, 4 wa kati na 4 wa nyuma. Kisha litenganishe tumbo na uliloweke usiku kucha katika myeyusho wa haidroksaidi ya potasiamu wa asilimia 10. Ukilitoa mapema, misuli itaficha kila kitu. Ukilichelewesha, ngozi laini hulegea na kujikunja, na utachora umbo ambalo mdudu hakuwa nalo. Suuza, weka ndani ya glisirini chini ya hadubini, uchore ubavuni, juu na chini. Vishikizo viwili vya chini, anavyomkamatia jike, vichore kwa uangalifu kuliko vyote: pembe ya ncha yake ndiyo mara nyingi hutenganisha spishi na spishi.

Jike na buu watajulikanaje? DNA husaidia, ila kwa buu iko njia ya zamani isiyohitaji mashine. Mfungue pupa (buu anayegeuka kuwa mzima) dume aliyekomaa: ndani ya nyumba yake utakuta maganda magumu ya kichwa cha buu aliyekuwa, na mwilini viungo vya dume vimekwisha kuumbika. Buu na mzima katika kifurushi kimoja.

Wengi huteleza kwenye ulinganishaji. Kipande cha jeni ya COI, inayotumika kutambulisha spishi, chenye herufi 658 za DNA kikikosa mwenzake kwenye hifadhidata, hilo si ushahidi kwamba spishi ni mpya. Spishi nyingi za Afrika hazijawahi kusomwa DNA. Lazima usome maelezo ya kila spishi ya jenasi hiyo barani, na penye shaka uombe kuona vielelezo asilia, vile spishi zilivyopewa jina kwavyo, ambavyo vingi viko London na Tervuren, Ubelgiji. Dume mmoja hatoshi kuonyesha tofauti za kawaida, tafuta kumi.

Jina hufuata sarufi ya Kilatini. La mahali huishia -ensis kwa Cheumatopsyche, lakini -ense kwa Macrostemum, jenasi nyingine ya kadisi, jina ambalo halina jinsia ya kike wala ya kiume. Kumpa mdudu jina lako mwenyewe kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haikukatazi. Ni kujipigia vigelegele tu. Tangu mwaka 2000 ni lazima utaje wazi kwamba spishi ni mpya, vielelezo vinavyobeba jina lake, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na mahali vitakapohifadhiwa. Ukichapisha kwenye intaneti pekee, sajili kwanza chapisho lenyewe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama.

Holotaipu iende Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, tumbo likiwa katika kichupa kidogo ndani ya chupa ya mwili wake. Kizibo kiwe cha kubana, na kila mwaka mtu apite na ethanoli mkononi kujazia palipopungua.