Kiporo cha Wali Hakiponywi na Moto

Juma lililopita mama mmoja aliniambia, kwa uhakika uleule ambao nimeusikia mwaka hadi mwaka katika kazi yangu ya afya ya mazingira hapa Dar es Salaam: "Bwana afya, wali ulilala jikoni, lakini asubuhi niliupasha ukafuka moshi. Utadhuru vipi?" Wanawe wawili walikuwa wametapika muda mfupi baada ya kunywa chai na kiporo hicho. Jambo hili nimelijibu milangoni mwa watu mara nyingi mno, na leo naliandika lote.

Mchele hutoka shambani ukiwa na spora, yaani mbegu ngumu zilizolala, za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo huvumilia kuchemka. Wali ukiiva kisha ukabaki vuguvugu, spora huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao huacha ndani ya wali sumu iitwayo sereulaidi. Moto wa asubuhi huwaua bakteria. Sumu hubaki palepale, kwa kuwa hustahimili nyuzi joto 121 kwa zaidi ya saa nzima, ilhali maji ya sufuria yako huishia 100. Aliyeila hutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita. Jodari na vibua waliokaa bila barafu wana mkasa wa namna hiyo: sumu iitwayo histamini ikishajengeka katika minofu yao, haiondolewi kwa kukaangwa wala kwa kugandishwa.

Kinachoulaza wali jikoni ni imani kwamba chakula cha moto huua friji. Nakubali kwamba sufuria zima la pilau ya moto hupandisha joto ndani ya friji, na maziwa yaliyo jirani yakaathirika, lakini hiyo si sababu ya kusubiri hadi kuche. Katika hitima moja nilichomeka kipimajoto katika pilau iliyoepuliwa saa tatu usiku. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri ukingo wa sufuria ulikuwa baridi mkononi, na katikati palisoma nyuzi 41. Bakteria huyu bado huzaliana katika joto la namna hiyo. Hotpoti ni hatari zaidi, kwani huhifadhi uvuguvugu usiku kucha bila kubaki juu ya nyuzi 60 zinazomzuia.

Tandaza wali kwenye sinia, kina kisizidi vidole viwili, uuweke mbele ya feni. Mvuke ukitulia, ugawe katika makopo madogo na uingize kwenye friji hata ukiwa vuguvugu, kabla muda wa saa mbili haujapita. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, na tafadhali nunua kipimajoto, kwa sababu namba 1 hadi 7 zilizo kwenye swichi si nyuzi. Friza iwe 18 chini ya sifuri. Huko bakteria wengi hulala tu, hawafi. Umeme ukikatika usifungue milango: friza iliyojaa hushika baridi kwa muda wa saa 48 hivi, iliyojaa nusu yake tu hushika kwa saa 24, na friji kwa saa 4 tu.

Hiyo kanuni ya saa mbili yenyewe hainiridhishi. Marekani huipunguza iwe saa moja joto la hewa likipita nyuzi 32, nasi tuna Januari na Februari za namna hiyo, kwa hiyo nyumbani kwangu nafuata saa moja. Nakiri pia kwamba watu wengi hula kiporo kilicholala wasiugue, kwani si kila bakteria wa jamii hii hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na nikiwa nimesimama mbele ya sufuria mbili siwezi kumwambia mtu ipi inayo.

Yule mama alikuwa na nusu sufuria iliyobaki, ameiwekea wanawe chakula cha mchana. Nilimsihi aimwage, naye akaimwaga nikiwa bado mlangoni.