Simiti si omena, acheni kuianika

Jumanne moja mteja wangu wa Mamboleo hapa Kisumu, mama mstaafu ambaye hata salamu zake zina sauti ya ubao na chaki, alinipigia simu. "Fundi, mawe yako yanatoa unga. Nikiyafagia, yanafagika." Nikamuuliza yako wapi. Akajibu kwa fahari kabisa: "Yako juani, yanakauka."

Nilifika saa saba mchana. Majani kumi na manne ya zege, yaani mawe ya kukanyagia kwenye njia ya bustani yenye umbo la jani, niliyoyamwaga Jumamosi na kuyafunua Jumapili jioni, yalikuwa yamepangwa juu ya mabati safu kwa safu kama omena, wale dagaa wa ziwani, pale Dunga. Mlinzi alikuwa ameyageuza mara mbili tangu asubuhi ili upande wa chini nao upate jua. Kijana ana bidii. Ingekuwa omena kweli, ingefika soko la Jubilee na kupata bei nzuri. Magunia niliyoyaacha juu ya mawe, yakiwa yamelowa chepechepe na maagizo ya kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku saba, yalikuwa yamekunjwa vizuri na kutiwa stoo.

"Sasa nyathina," yaani mwanangu, mama akaniambia, "utaloweshaje kitu unachotaka kikauke?"

Hii ni mara ya tatu tangu mvua za Aprili, kwa wateja watatu tofauti. Wa kwanza nilimweleza taratibu. Wa pili nilimweleza haraka. Huyu wa tatu nimeamua kuwaandikia nyote, ili siku nyingine nitume tu hii na kuendelea na kazi.

Simiti haikauki. Inashika.

Nadhani kosa limejificha ndani ya maneno yetu. Tunasema "simiti imekauka" kama tunavyosema nguo imekauka. Lakini hebu simama karibu na mafundi wakiwa kazini uwasikilize: "Imeshika?" "Bado, ngoja ishike." Fundi hasemi imekauka mpaka awe anaongea na mwenye nyumba. Na wengi wetu tumekulia karibu na udongo, ambao kweli hukauka: maji yanatoka, chembe zinakaribiana, ukuta unakuwa mgumu. Ndiyo maana udongo ukilowa unarudi kuwa matope, na ndiyo maana matofali yakishaanikwa bado lazima yachomwe. Simiti haina njia ya kurudi. Chembe zake hushikana na maji na kugeuka kitu kingine, vijinyuzi na vifuwele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyosukana na kubana mchanga na kokoto. Maji yale hayaendi hewani, yanabaki humo ndani kama sehemu ya jiwe. Fikiria yai. Yai la kuchemsha limekuwa gumu, lakini hakuna anayesema limekauka, tena ugumu wake limeupata ndani ya sufuria ya maji.

Maji yakiisha kabla kazi haijaisha, kazi inasimama pale ilipofika. Jua la Kisumu la saa saba linaweza kunyonya maji ya ukingo wa jani kwa muda mfupi kuliko unavyofikiri. Hapo ndipo umbo la jani linapotuponza. Kabro ni tofali nene la kutandika uani, lina unene uleule kila upande. Jani langu lina sentimita tano katikati, lakini kule kwenye ncha na kingo linaishia mbili, na mara nyingine, mkono ukiteleza, moja na nusu. Sehemu nyembamba ndiyo inayokauka kwanza, ndiyo inayokosa nguvu, na ndiyo inayokanyagwa na kisigino. Kisha inamenyuka, na simu napigiwa mimi.

Ukitaka kujua kama jiwe limeanikwa, usiniulize. Piga uso wake kwa sarafu. Lililonyweshwa vizuri linalia, sauti nyembamba yenye mlio. Lililoanikwa linajibu kama mlango wa mbao uliooza. Kisha lisugue kwa kidole gumba kwa nguvu. Ukibaki na unga wa kijivu kwenye alama za kidole, ndio huo. Pale Mamboleo nilisugua mawe yote kumi na manne mbele ya mama, na kidole changu kikawa kama cha mwoka mikate. Matano yalikuwa pia na nyufa za unywele kwenye kingo, zimechanuka kama nyayo za kuku.

Hakuniamini hata hivyo. Basi nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakoroga zege la kurudia yale matano, nikajaza kopo tupu la maziwa ya unga, nikalishusha polepole ndani ya ndoo iliyojaa maji, mpaka maji yakafunika zege. Nikaiweka ndoo chini ya mwembe na kumwambia: mama, usiguse hadi Jumanne ijayo. "Litabaki uji," akasema. Mlinzi naye akatikisa kichwa kwa huruma.

Jumanne tukalichana kopo. Ndani kulikuwa na jiwe. Juujuu kulikuwa na utandu laini, kwa sababu maji yalisumbua uso kabla haujashika, hilo nakubali. Lakini chini ya utandu mlinzi alipiga nyundo mara tatu na kilichoruka ni nyundo. Mama akalishika, likidondosha maji. "Nyathina, mbona hukuniambia hivi tangu mwanzo?" Sikujibu. Nimelelewa vizuri.

Wala jambo hili si jipya. Mwingereza John Smeaton, aliyemaliza kujenga mnara wa taa wa Eddystone mwaka 1759 juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, alitafuta kwa makusudi chokaa inayoshika ikiwa majini, kwa sababu kule hakukuwa na namna ya kuianika. Nguzo za madaraja zinazosimama mitoni nazo hakuna aliyewahi kuzitoa nje zikapigwa jua.

Sasa nikiri jambo ambalo wateja wangu bado hawajaligundua. Ukichukua vipande viwili vya zege vilivyonyweshwa sawasawa, kimoja ukakiacha kikauke mwishoni na kingine ukakipima kikiwa kimelowa, kile kikavu kwa kawaida hustahimili mgandamizo zaidi kidogo. Kwa hiyo anayesema jiwe kavu ni gumu hajasema uongo mtupu. Amekosea wakati tu. Nyweshea kwanza, likomae, kisha likauke lenyewe kwa raha zake, na kama utalipaka rangi lazima likauke. Jambo la pili: jiwe lililoanikwa mapema halijafa kabisa. Ukililowesha tena, chembe ambazo hazijashikana na maji zinaendelea na kazi, lakini haliwezi kufika pale ambapo lingefika. Yale tisa ya Mamboleo niliyaloweka kwenye pipa siku kumi. Yanalia sasa, ila si kwa sauti ya wenzao.

Siku ngapi zinatosha? Vitabu vinataja siku 28 kana kwamba kengele inalia siku hiyo. Simiti ya kawaida ikinyweshwa hufika karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo kwa siku 7, na huendelea kupanda polepole hata baada ya 28. Lakini soma mfuko wako. Mifuko mingi tunayonunua madukani ni ya 32.5, hiyo ni namba ya nguvu iliyoandikwa mfukoni, na imechanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, na hiyo huanza kwa uvivu. Ni simiti nzuri, sijailaumu, ila inataka maji kwa muda mrefu zaidi kuliko ile ya 42.5 isiyo na mchanganyiko. Mimi humwambia mteja siku 7 kwa sababu nikisema 14 atafanya 3. Kwangu nyumbani nafanya 14.

Haya, utengenezaji wenyewe, upesi. Jani zuri kuliko yote ni la nduma kubwa, lile la bondeni kwenye majimaji. Lina mishipa minene chini na umbo la moyo. Vaa glavu, kwa maana utomvu wake unawasha, na simiti mbichi nayo inababua ngozi. La mpapai linavutia macho lakini vidole vyake vyote vitavunjika, nimejaribu. La mgomba ni refu mno, hukatika katikati. Tandaza mchanga uliolowa kivulini, uusawazishe (usiufanye kilima, kilima ni cha kutengenezea beseni la kunywea ndege), laza jani mgongo ukiwa juu, mishipa ikikutazama. Kata kikonyo kabisa. Kwa nduma kikonyo kinashika ndani ya jani, si ukingoni, ukiacha kipande utapata shimo katikati ya jiwe. Koroga sehemu moja ya simiti, mbili za mchanga wa mto, tatu za kokoto ndogo zisizozidi milimita 10. Mwaga, gandamiza kwa mwiko, funika kwa nailoni ya ujenzi. Fungua kesho yake jioni, ligeuze, bandua jani. Mabaki yataoza yenyewe. Jani moja la sentimita 40 huwa na uzito wa kilo 12 hivi, na mfuko wa kilo 50 hukupa kama 25.

Kwa maji siendi upesi, kwa sababu hapa ndipo ndugu wa lile kosa la kwanza anapoishi. Mtu yuleyule anayenyima jiwe maji baada ya kumwaga ndiye anayelizamisha wakati wa kukoroga. Anataka zege litiririke kama supu ili lijae kwenye mishipa bila kugandamizwa. Maji yaliyozidi hayana chembe ya kushikana nayo, yanabaki yametuama humo, na yakitoka baadaye yanaacha vitundu. Lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na upunguze kama mchanga umenyeshewa, na hapa kwetu mchana mmoja wa mvua unatosha kuulowesha. Lifinyange zege mkononi: likae kama tonge la ugali, lisidondoshe maji. Kwa hiyo ndiyo, nasema maji kidogo kabla na maji mengi baada. Najua inasikika kama mtu asiyejua anachotaka.

Waya wa kuku ndani? Wateja wanaupenda, wanaona wamenunua chuma. Nimekuwa nikiuweka miaka mingi na sina uhakika unafanya kazi. Kwenye unene wa sentimita tano hauzuii ufa, unachofanya ni kushika vipande visitengane baada ya ufa kuingia. Ukiwa karibu na uso, unapata kutu na kuleta ufa wake mwenyewe. Siku hizi nauweka kwa anayeomba na simwombi mtu auombe.

Kulaza njia ni kazi fupi. Pima kutoka katikati ya jiwe hadi katikati ya lingine, sentimita 55 hadi 60, na upime kwa hatua ya mtu aliyebeba ndoo ya maji, si ya bwana wa nyumba anayetembea akijionyesha. Uso wa jiwe ulingane na udongo ili fyekeo lisigonge.

Kinachonishinda ni udongo wenyewe. Kule mlimani Riat, kwenye mawe, njia ya majani inakaa kama ulivyoilaza. Shuka uwanda wa Kano, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ni vita. Nachimba sentimita 20, natoa ule mweusi, najaza marumu, ule udongo wa changarawe, na kuishindilia, juu sentimita tano za mchanga. Inasaidia. Lakini uvimbe unatoka chini zaidi ya hapo, na mvua za Machi zikishanyesha vizuri, mawe mawili matatu yanainama kama watu waliosinzia kwenye matatu. Narudi kuyanyoosha. Simwambii mteja kwamba hayatainama, namwambia bei ya kurudi.

Na jiwe likipasuka kule Kano, hata mimi siwezi kusema kwa hakika ni udongo au ni mtu aliyelianika. Sarafu haisaidii, kwa maana likishapasuka halilii tena. Mara nyingine huwa ni vyote viwili.

Pale Mamboleo yale majani matano mapya yalinyweshwa siku 14. Mlinzi ndiye aliyesimamia, na lile jiwe la kopo sasa linazuia mlango wa banda la kuku. Nilipita juzi jioni nikamkuta na ndoo, anayamwagilia mawe yote kumi na manne, na sasa yana miezi minne kwenye nyasi. Sikumwambia aache.