Supaskoo: alama bora za mitihani tofauti zikijumlishwa

Chukua mtahiniwa aliyefanya SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, mara mbili. Machi alipata 640 katika Kusoma na Kuandika, 710 katika Hesabu: jumla 1350. Agosti akarudi, akapata 700 na 660, jumla 1360. Ukimuuliza ana ngapi atakwambia 1360, tena kwa unyonge, maana miezi mitano ya kujinoa imemwongezea alama kumi tu. Vyuo vingi vya Marekani havitamsoma hivyo. Vitachukua 700 ya Agosti na 710 ya Machi, vijumlishe: 1410. Hiyo ndiyo supaskoo.

Kwa aliyezoea KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, jambo hili ni geni kidogo. Kule wastani wa gredi hutokana na mtihani wa mwaka mmoja. Ukirudia, huwezi kung'oa A ya Kemia ya mwaka juzi ukaipandikiza kwenye matokeo mapya. SAT ina sehemu mbili tu, kila moja ya alama 200 hadi 800, na hufanyika mara kadhaa kwa mwaka. ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, nayo huunganishwa vivyo hivyo, ila jumla yake ni wastani wa sehemu na kilele ni 36. Kuchanganya Hesabu ya SAT na Kusoma kwa ACT hakuna.

Panapoponza watu ni kwenye kutuma alama. College Board, wenye SAT, wanakuruhusu kuchagua matokeo ya tarehe ipi yaende chuoni, lakini hawakuruhusu kuchagua sehemu. Tarehe ikienda, inaenda nzima. Sasa mtahiniwa wetu, kwa kuionea haya ile 1350, akituma ya Agosti peke yake, 710 yake imebaki nyumbani. Matokeo aliyoyaficha ndiyo yaliyobeba Hesabu yake nzuri. Kwa hiyo kabla ya kuacha tarehe yoyote, tazama sehemu moja moja, jumla inadanganya.

Kila chuo na utaratibu wake. MIT hutazama alama ya juu ya kila sehemu. Georgetown kwa miaka mingi imetaka kuona kila mtihani uliofanya, hivyo kuchagua tarehe hakukusaidii. University of California haitumii SAT kabisa katika kudahili. Vipo pia vinavyoshika tarehe moja iliyo bora, na huko 1360 inabaki 1360. Wala tusidhani ni ukarimu mtupu: alama hizo kubwa huweza kuingia pia katika takwimu ambazo chuo hujinadi nazo.

Chuo unachokitaka kikiwa kinajumlisha, maandalizi nayo hubadilika. SAT haifanywi nusu, utakalia sehemu zote mbili. Ila mwenye 710 ya Hesabu mkononi anaweza kuweka kando vitabu vya aljebra, jioni zake zote akazipeleka kwenye Kusoma.