Je, wajua kwa nini tone la maji puani linaweza kumtisha daktari wa ubongo?

Fikiria mtu aliyetolewa uvimbe kichwani wiki mbili zilizopita. Anainama avae viatu, mara tone la maji meupe pee linadondoka puani, halivuti kama kamasi, na likimfika mdomoni lina chumvichumvi. Yeye anajua ni mafua tu. Ila mpigie daktari wake umwambie hivo, atakwambia mlete sasa hivi.

Sa kwa nini? Kuna tezi inaitwa pituitari, ndogo kama punje ya njegere, ndo inayozitawala tezi nyingine nyingi mwilini. Imekaa chini ya ubongo kwenye kishimo cha mfupa ambacho wataalamu walikipa jina la Kilatini lenye maana ya tandiko la farasi la Kituruki, na chini ya hilo tandiko kuna uwazi wa sinasi (kijichumba cha hewa ndani ya mfupa), alafu pua. Yani kati ya tezi na pua ni kaukuta kembamba tu ka mfupa. Na kuna kitu kilinishangaza, sehemu ya mbele ya tezi hii haikutoka hata kwenye ubongo, ukiwa tumboni kwa mama ilichipuka kwenye paa la kinywa ikapanda juu.

Kwa hiyo uvimbe ukiota hapo (mwingi sio kansa, ila ukikua unabana neva za macho, mtu anaanza kugonga milango kwa mabega sababu haoni pembeni) madaktari hawapasui fuvu mara nyingi, wanapita puani. Hermann Schloffer alifanya hivo kule Innsbruck, Austria, mwaka 1907, penisilini bado haijagunduliwa kabisa, hebu fikiria huo ujasiri.

Shida ni kwamba pua ina bakteria kibao na hilo ni jambo la kawaida, ila maji yanayozunguka ubongo hayatakiwi kuwa na hata mdudu mmoja. Utando unaoyazuia ukitoboka, maji yanashuka puani, na palipotoka maji wadudu nao wanapandia hapohapo, matokeo yake homa ya uti wa mgongo, ile ya kichwa kuuma vibaya, shingo kukakamaa na mtu kuchanganyikiwa. Ndo maana daktari anaziba tundu kwa kipande cha mafuta ya mgonjwa mwenyewe, tumboni au pajani, au anageuza ngozi laini ya ndani ya pua ikawa kiraka.

Wakati mwingine hata upasuaji haujafanyika na maambukizi yapo tayari. Tezi yenyewe inatunga jipu, nadra sana, na kwenye picha ya MRI linafanana na uvimbe, homa yenyewe mara nyingi haipo, daktari anafungua akitegemea uvimbe anakutana na usaha.

Alafu kuna hili ambalo kwangu ndo baya kuliko yote. Mtu mwenye pituitari salama akiugua, pituitari inaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli kwa wingi ili presha isianguke. Sasa uvimbe ukishaiharibu pituitari, amri haitoki. Kwa hiyo maambukizi ambayo mimi na wewe tungelala nayo siku mbili yanaweza kumwangusha huyu ndani ya masaa tu, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, anazimia. Ndo maana wengi wao wanameza haidrokotizoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku, na siku ya homa dozi inapandishwa kama daktari alivyowaelekeza, na wakitapika hadi dawa haikai inabidi wachomwe sindano haraka.

Na yale masharti baada ya upasuaji, usipenge kamasi, usijikamue chooni, usinywe soda kwa mrija, watu wanaona ni mbwembwe za manesi. Kumbe kila ukipenga unasukuma hewa na wadudu kwenye kiraka ambacho bado kibichi. Chafya ikija usiibane, achia kwa mdomo, mdomo wazi kabisa.