Kitabu nacho kina dozi

Wengi wakisikia kwamba natumia vitabu katika ushauri nasaha hapa Moshi, jambo la kwanza ni: "Basi niandikie hicho kitabu nikanunue." Wanategemea niwatajie vile vya hamasa vinavyotandazwa kando ya barabara, vyenye picha ya mtu kavaa suti na ahadi ya utajiri. Hivyo sivitumii. Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akiambiwa kila ukurasa kwamba kushindwa ni uamuzi wake mwenyewe, anakifunga kitabu akijichukia zaidi.

Tiba kwa kusoma ina njia mbili. Moja ni vitabu vya mazoezi, vinavyofuata tiba ya kubadili fikra na tabia: unasoma sura, unaandika wazo lililokukaba asubuhi, unalihoji lina ushahidi gani, halafu tunakaa kulijadili. Hii ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi, hasa kwa sonona na wasiwasi usio mkali, na husaidia zaidi mtaalamu akiwa karibu kuliko mtu akiachiwa kitabu peke yake. Uingereza wana mpango uitwao Reading Well, ulioanza 2013: daktari anakuelekeza kitabu, unakiazima bure maktaba ya umma. Kwa Kiswahili vitabu vya namna hiyo ni haba, kwa hiyo mara nyingi natengeneza karatasi za mazoezi mwenyewe na kutoa fotokopi.

Njia ya pili, ambayo ndiyo naipenda, ni hadithi na mashairi. Mwaka 1924 mkutubi Mmarekani mweusi, Sadie Peterson Delaney, alianza kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Tuskegee, Alabama, na akawa mmoja wa waanzilishi wa fani hii. Alimchagulia kila mgonjwa kitabu kulingana na alivyomfahamu. Hapo kwenye kumfahamu mtu ndipo kazi ilipo. Kitabu chenyewe hakina haraka. Msomaji hujiona kwa mhusika, yaliyomjaa moyoni yakapata pa kutokea, kisha akaanza kuyatazama mambo yake kwa mbali kidogo. Mtu asiyethubutu kusema "kaka yangu kanidhulumu kihamba, shamba letu la ukoo" atasema bila taabu, "huyu wa kwenye hadithi ana haki ya kukasirika." Nikishasikia hivyo, najua pa kuanzia.

Mzee mmoja mgane, mkulima wa kahawa (nimebadilisha mambo ya kumtambulisha), alizoea kusoma gazeti kila siku, akaacha. "Mwanangu, herufi zinanikimbia," aliniambia. Kwanza nikauliza habari za miwani, maana wakati mwingine ni macho tu. Miwani ilikuwa sawa. Sonona huiba umakini, na kumpa mtu wa hivyo riwaya nzima ni kumwongezea deni. Nikampa beti tatu za utenzi.

"Soma kwa sauti, baba."

Akasoma mbio, kama risala ya mgeni rasmi. Nikamwomba arudie taratibu. Kwenye ubeti wa pili kidole kikagota juu ya mstari, kikabaki hapo. "Huyu naye kafiwa na mke?" Mshairi hakusema hivyo popote, na sikumsahihisha. Ubeti wa tatu hatukuufikia siku hiyo. Tuliongea habari za mama watoto, jinsi alivyomkatalia kuuza ng'ombe.

Sasa tahadhari. Mimi ni mpenzi mkubwa wa Euphrase Kezilahabi, lakini katika riwaya zake Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) mhusika mkuu anajiua. Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru simpi vitabu hivyo, hata akiniomba. Na kwa kweli mtu huyo hahitaji kitabu siku hiyo. Anahitaji kusindikizwa hospitali, KCMC au Mawenzi, asiachwe peke yake njiani. Vivyo hivyo anayesikia sauti wasizosikia wengine, au asiyelala usiku kadhaa mfululizo huku akijiona ana nguvu za ajabu. Hao dawa kwanza, hadithi baadaye.

Kikwazo kingine ni shule. Wengi wetu mara ya mwisho kusoma riwaya ilikuwa kwa ajili ya mtihani, na mteja hurudi kwangu na muhtasari, dhamira na wahusika, kama anasubiri maksi. Huwa namuuliza tu: ni wapi ulichoka, na ni wapi ulikasirika?

Asiyejua kusoma husomewa. Mjukuu wa darasa la tano anatosha kabisa, ila hadithi niichague mimi.